Divai ya Siku Tano

Fundi Bomba hana kifua cha kuweka siri. Hata supu ikipoa kwake, mtaa mzima utajua. Lakini safari hii alikuwa amefunga mdomo miezi mitatu, na siri ilikuwa ikimtekenya kooni.

Yeye na dada wa mkewe, mwalimu mstaafu wa kemia, walikuwa wakitengeneza divai nyekundu gerejini. Fundi aliunganisha mapipa na koki. Mwalimu alipima sukari na joto, akaandika ukutani kwa chaki: maganda ya zabibu yakae ndani siku kumi na mbili. Kisha akasafiri. Siku ya tano Fundi akaona povu linapanda, moyo ukamlipuka. Kwa fundi wa mabomba, presha haina urafiki na mtu. Akafungua koki, akaitoa divai yote, maganda akayatupa. Shemeji aliporudi wiki mbili baadaye, hakumwambia.

Leo alikuja Mama Mkahawa kuonja divai kabla ya kuinunua, mwanamke asiyejua kubembeleza. Mwalimu alishasema divai ikikataliwa anafunga kazi na kuhamia kwa mwanawe, mbali. Fundi angebaki abishane na nani?

Mama Mkahawa akaonja. Akaonja tena. Halafu akaanza kucheka peke yake.

"Jamani! Hii inaruka mdomoni! Nyepesi, kama zabibu zimechumwa asubuhi hii. Na kwa bei hii, hata mwenye mshahara wa kubana ataagiza ya pili. Nachukua yote. Ila mwakani iwe hivi hivi!"

Mwalimu akamshika Fundi mikono, wakazunguka katikati ya mapipa, miguu ikikanyagana. Mama Mkahawa akapiga makofi, bilauri ameing'ata kwa meno.

"Usiwe na wasiwasi," Mwalimu akamwambia Mama Mkahawa, akihema. "Siri yetu ni siku kumi na mbili. Hatupunguzi hata moja!"

Fundi akaona biashara yote ya mwakani ikimwagika.

"Tano, shemeji! Ni tano! Niliogopa presha, nikafungua!"

Mwalimu akamtazama, akautazama ukuta. "Miezi mitatu najisifia kumi na mbili, na wewe unaitikia 'ndiyo, shemeji'?"

"Ndiyo, shemeji."

Kicheko kikamkalisha Mwalimu juu ya kreti, machozi yakamtoka. Alipopata pumzi, akafuta chaki kwa kiganja na kuandika tano.

"Mwakani utafungua tena," akasema. "Ila mwakani nitakuwepo."