Kihenge cha Mama Mkwe

Kwetu, vilimani juu ya mji wa Karatu, mtu anaweza kukosa viatu, akakosa hata nguo ya kwendea kanisani, na bado akasalimiwa kwa heshima. Lakini aonekane tu anatoka dukani na mfuko wa unga. Kabla jua halijazama mtaa mzima utajua kwamba kwake kumeingia njaa, na wenye huruma watakuwa wameshaanza kumwombea.

Ndiyo maana nilipomwambia mama mkwe kwamba shamba la mtoni nataka nisipande mahindi, nipande vitunguu saumu, alikiweka chini kikombe chake cha chai akaniangalia kama mtu aliyesikia mbuzi akihubiri.

Wazo lenyewe nililitoa darasani. Nimesoma ukubwani, madarasa ya jioni, na nilihitimu wa kwanza; wanaosema tulikuwa wachache wana wivu tu. Siku moja mwalimu alitaka kila mmoja apige hesabu ya shamba lake: linatoa nini, na hicho kinaleta nini nyumbani. Nikapiga ya kwetu, nikaifuta, nikapiga tena. Jibu lilikuwa lilelile. Tulikuwa tunalima ili tule, na tukishakula tunarudi kulima. Jirani yetu mwenye kijisehemu cha saumu, ambacho ng'ombe akilala mkia unabaki nje, ndiye aliyekuwa ameezeka bati jipya.

Shamba ni la mama mkwe, aliachiwa na marehemu mume wake. Alinipa msimu mmoja, kwa sharti. Nyuma ya nyumba yake kuna kihenge cha fito cha kuhifadhia mahindi, kikubwa kiasi kwamba tembo angeingia humo akapata na nafasi ya kugeuka. Kila mwaka lazima kijae.

"Wenzako wakivuna, kihenge changu kikiwa kitupu, msomi," aliniambia, "shamba linarudi kwa mahindi. Na sitaki hesabu."

Mume wangu ni mpishi kwenye kambi ya watalii, anakuja mwisho wa mwezi. Nilipomuuliza yuko upande gani, alisema yuko upande wa atakayempakulia.

Basi nikapanda. Punje moja moja, ncha juu, mpaka mgongo ukasahau kunyooka. Nikatandaza nyasi kavu, nikamwagilia, nikapalilia kwa vidole kama ninayemsuka bibi harusi. Na saumu ikanijibu. Tulipoing'oa na kuianika kivulini, harufu yake, naapa, ilishuka mpaka Olbalbal kwa Wamasai, ng'ombe wa watu wakapiga chafya malishoni. Wanunuzi wa Arusha walifika na gari lao, wakabonyeza vichwa vya saumu, wakanuna kidogo ili bei ishuke, mimi nikanuna zaidi yao. Gari halijafika barabara ya lami, pesa imeingia kwenye simu. Nilikimbia nayo kwa mama mkwe nikiinua simu juu kama kombe.

Aliitazama kwa mbali. "Hii naisonga na maji kiasi gani?"

Nikamweleza kwamba tunaweza kununua mahindi, tukajaza kihenge, na ada ya watoto ikabaki, na mabati yakabaki. Sura ikambadilika. Akasema amezeekea katika nyumba ile bila kununua chakula, na hataanza leo kwa sababu ya harufu yangu. Kihenge ni kitupu, sharti ni sharti. Siku ya mnada angeshuka mjini kununua mbegu za mahindi, shamba lilimwe.

Tulishuka pamoja, yeye na nia yake, mimi na kiroba cha saumu ndogondogo zilizokataliwa na wale wa Arusha. Nilizipanga mafungu mafungu, moyo ukiwa umenisinyaa kuliko zenyewe. Mteja wa kwanza alikuwa mama wa Kimasai kutoka Endulen, shanga zikimlia shingoni, ameacha magunia yake ya mahindi pale karibu yetu. Mama mkwe aliyaona yale magunia, akamwonea huruma.

"Pole na njaa, yeyo," alisema, akimwita mama kwa Kimasai.

Yule mama alicheka mpaka akashika kiuno. "Njaa gani, mama? Huko kwetu ni ndani ya hifadhi, kulima kumekatazwa. Nimeuza mbuzi, nimenunua mahindi. Mama yangu alikula hivyohivyo, na hakuna aliyemwita maskini." Kisha akagusa mafungu yangu kwa fimbo. "Na hawa mbuzi ni wa nani?"

Mama mkwe alizitazama saumu. Alizitazama muda mrefu hata mteja mwingine akaja, akanunua, akaondoka.

"Wangu," akasema.

Mbegu hazikununuliwa. Tulinunua mahindi, magunia ya kutosha, yeye mwenyewe akitafuna punje kupima ukavu, akimgombeza muuzaji. Tukakodi guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Nilimnong'oneza kwamba, kama anaona aibu, tungoje giza liingie ndipo tupande nayo. Alikwea juu ya magunia, akaketi, akajifunga vizuri mtandio.

Tulipanda kilima mchana kweupe, guta likikohoa, mimi nikisukuma kwa nyuma, yeye juu akisalimia kila mlango kama mgombea ubunge. Wale wasiokuwepo barabarani aliwaita watoke. Jirani mwenye bati jipya alisimama na jembe lake, akauliza kwa upole wa kanisani, "Mama, mbona mnanunua? Kuna shida?"

"Shida gani?" alisema mama mkwe kutoka kule juu. "Nimeuza mbuzi."

Jirani aligeuka kutazama kwetu, akitafuta zizi. Ukoo wetu haujawahi kufuga hata mbuzi mmoja.