Kitambaa cha Maji Baridi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, maana miaka ishirini alikula jasho la pasi ya mkaa. Moto alikuwa anaujua. Alilowesha kidole, akagusa chuma, basi, ameshajua kama kinafaa shati jepesi au suruali nzito. Lakini tangu gonjwa la kukohoa liingie duniani, naye yuko katikati ya dripu za saratani ya titi, joto la mwili wake mwenyewe lilimshinda kulisoma.

Kisa ni mlinzi wa lango la hospitali. Ana kipimo kama bastola, anakulenga kwenye paji la uso. Joto likizidi, unawekwa kando. Mara iliyopita mwenzake mmoja wa dripu aliwekwa kando, na ndani hakumwona tena. Nikikosa dripu hii ya nne, uvimbe utarudi, alijisemea. Akawa anajishika paji kutwa kucha, hata kola mbili za watu zikaungua.

"Wifi, utalichubua hilo paji," dada wa mumewe alimtania. "Umekumbatia mkaa tangu asubuhi, ulitaka uwe barafu?"

Siku ya dripu hakuwasha mkaa. Alilowesha kitambaa kwa maji ya mtungi, akakifunga pajini, mtandio juu yake, wakaenda yeye na wifi yake. Karibu na lango akakichomoa.

Mlinzi akalenga. Akakigonga kipimo, akalenga tena.

"Mama, thelathini na tatu? Maiti wana lango lao kule nyuma."

Wifi akacheka mpaka barakoa ikamshuka. Mama Pasi machozi yakamtoka. "Kaka yangu, usinirudishe. Nilijipoza makusudi."

Mlinzi kicheko kikamkauka, akaenda kumwita muuguzi wa dripu. Muuguzi alikaa naye kwenye benchi, juani, wakaachiana nafasi.

"Mama, homa usiifiche hata siku moja. Dawa hizi zinapunguza kinga. Ukiwa na homa hatukufukuzi, tunakutibu kwanza, dripu inafuata."

"Na yule mwenzangu aliyewekwa kando?"

"Yule mbishi? Dripu yake kapata juzi. Kanigombeza kwamba nachelewa."

Mama Pasi akashusha pumzi ndefu, ya wiki nzima. Jua nalo likafanya kazi yake. Mlinzi akalenga mara ya tatu: thelathini na sita na nusu.

"Pita, mama. Na unisamehe mdomo wangu."

Mama Pasi akamtupia wifi yake kile kitambaa kibichi.

"Kakianike," alisema. "Kesho nitakipiga pasi."