Shimo la Wajerumani Nyuma ya Nyumba ya Mjomba

Nilipomaliza kidato cha sita nilirudi Sekenke kwa mjomba wangu aliyenilea, nikisubiri matokeo. Siku moja akaja mama mmoja mtaalamu wa miamba, akitafuta mtu wa kumwonyesha mashimo ya kale ya dhahabu yaliyochimbwa na Wajerumani. Mjomba akanitoa mimi, kwa kuwa nilikuwa nakula bure.

Mashimo yenyewe yako juu mlimani, na jua la kiangazi huku halina huruma. Uvivu ukaniletea akili. Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo la choo ambalo mjomba aliliacha baada ya kukutana na mwamba mgumu. Nikampeleka hapo, nikamwambia kwa adabu kwamba hilo ndilo shimo la kwanza kabisa la Wajerumani, ila watu wengi hawalijui.

Mama yule alishuka kwa ngazi, akapima, akaandika, akagonga mwamba kwa nyundo yake. Mjomba akatokea. Nilimweleza harakaharaka kwa Kinyiramba, naye badala ya kunikemea akaongeza chumvi. Akasimulia jinsi babu yake alivyombeba Mjerumani mmoja mnene mpaka ukingoni mwa shimo hilo kila asubuhi.

Mtaalamu akapanda juu na chupa ya plastiki mkononi.

“Mzee,” alisema taratibu, “hawa Wajerumani walikunywa soda ya aina hii?”

Mjomba akatazama mawingu, akasema labda iliingia na upepo.

Mama yule alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatuita tuchungulie: kwenye mwamba mweusi ulipita mstari mweupe, upana wa kidole. Akaeleza kwamba zamani sana maji ya moto yalipanda kutoka chini ya ardhi kupitia nyufa, yakapoa, yakaacha jiwe jeupe, na mahali pengine dhahabu ndani yake.

“Umenidanganya mahali pazuri,” akaniambia. “Sasa twende kwenye mashimo ya kweli. Mfuko wa mawe utaubeba wewe.”

Niliubeba mpaka jioni. Kule juu alinionyesha kuta zenye alama za patasi, akasema dhahabu ya hapa ilitumika kutengeneza sarafu Tabora, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa. Nimekulia chini ya mlima ule bila kujua. Niliona haya, ingawa mgongo uliniuma zaidi.

Mjomba naye hakulala. Alitwanga mawe meupe ya shimo lake kwenye kinu cha mkewe bila ruhusa, akanuniwa siku mbili, akaosha unga wa mawe hayo kwenye karai, akapata chembe moja ya dhahabu, ndogo kuliko punje ya uwele. Jumapili, kwenye sherehe ya kipaimara kwa jirani, akaipitisha kwenye kisosi ili watu waone. Ilipomfikia mzee wa kanisa, ambaye alikuwa ametoka kunusa ugoro, akainama karibu sana na kupiga chafya.

Watu wazima na nguo zao za kanisani walipiga magoti, wakipapasa udongo. Mjomba aliwashuku kuku waliokuwa wakidonoa karibu, akataka wachinjwe wote. Mwenye sherehe alikubali watatu, maana wageni walikuwa wengi. Firigisi zote tatu zilipasuliwa mbele ya mjomba, zikakutwa na changarawe tu. Supu ilikuwa nzuri, na mjomba aliomba bakuli la pili.