Baridi ya Kaptagat, na jinsi nilivyombeba brother yangu kwa pikipiki

Wakuu, habari za asubuhi.

Juzi niliona vijana wa boda wa hapa Kapseret wakiulizana humu watajikinga vipi na baridi ya July. Wengine wanasema gloves, wengine leather jacket. Nikasema leo niandike, maana hilo swali nalijua kwa uchungu. Mimi ni mzee sasa, macho hayaoni vizuri, mnisamehe typing. Lakini haya yote yalinipata mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini mapema. Nilikuwa tarishi wa kampuni moja ya miwati, ile miti ambayo magome yake hutengenezea ngozi, kule Kaptagat. Nilipewa pikipiki kuukuu ya kupeleka barua kwa mashamba ya wazungu. Mwafrika juu ya pikipiki siku hizo, watu walikuwa wanasimama kutazama.

Kazi hiyo nilitafutiwa na brother yangu mkubwa, Zakayo. Yeye ndiye alinitoa kwetu Maragoli. Baba alikufa mapema, kwa hivyo Zakayo alikuwa kama baba. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na kabuti moja zito la jeshi, na akaajiriwa na Kaburu mmoja kukata miti.

Mwaka huo mvua haikutupa nafasi. Zakayo akaanza kukohoa. Tukadhani ni homa ya kawaida. Siku ya nne akawa anashika mbavu akipumua.

Nikaenda kwa nyumba kubwa ya yule Kaburu kuomba lori. Memsabu, mke wake, akatoka kwa veranda.

"Lori limeenda Turbo na mahindi," akasema. "Ngojeni kesho."

Nikarudi nikamtazama Zakayo. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Nikajua kesho hatufiki.

Basi nikaanza kutayarisha safari ya Sisibo. Ndivyo tulivyouita mji wa Eldoret wakati huo.

Magazeti ya kizungu nikayapanga kifuani, ndani ya shati. (Vijana, hiyo inafanya kazi mpaka leo. Gazeti linazuia upepo kuliko sweta.) Gunia nikafunga magotini. Soksi nikavaa mikononi.

Zakayo akavua kabuti akanipa.

"Vaa wewe. Ni wewe utakata upepo."

"Mgonjwa ni wewe, Zaka."

"Ukiganda wewe, tutaanguka wote wawili."

Nilikataa. Nikamvalisha kwa nguvu, nikamfunga na blanketi juu, kisha nikamfunga kwangu na kamba ya katani ili asianguke. Akaingiza mikono yake ndani ya shati langu, tumboni.

Tukatoka.

Barabara ilikuwa matope matupu. Ndani ya msitu ukungu ulikuwa mzito, sioni mbele. Vidole vikafa ganzi mpaka nikawa sijui kama nimeshika clutch. Nikasimama, nikaviweka karibu na engine vipate moto.

"Twende tu," Zakayo akaniambia sikioni. "Mimi sina baridi."

Na kweli hakuwa nayo. Alikuwa anaungua. Mgongo wangu wote ulikuwa moto kama mtu ameegemea jiko. Wakuu, ile homa yake ndiyo ilinipa joto. Nakumbuka nikishukuru Mungu kwa hilo joto.

Tulipotoka msituni tukaingia uwanda wazi, upepo ukatupiga kutoka upande. Mvua nayo ikaja ya barafu. Nikainamisha kichwa, nikaendesha tu.

Mahali fulani nikaanza kutetemeka. Mgongo ulikuwa umepoa.

Nikajiambia ni mvua imepenya.

"Zaka, umelala?"

Hakujibu. Lakini mikono yake ilikuwa bado tumboni mwangu, nikasema amelala. Sikusimama. Mji ulikuwa unaonekana tayari.

Hospitalini mhudumu mmoja akaja kufungua kamba. Akamgusa shingo. Akanitazama mimi kwanza, ndipo akasema:

"Pole ndugu. Huyu alituacha njiani."

Vidole vya Zakayo vilikuwa vimekaza kwenye shati langu. Tulivifungua kimoja kimoja.

Hatukuwa na njia ya kumpeleka nyumbani. Tulimzika hapa hapa mjini, na watu wachache wa kanisa ambao hata hawakumjua. Mvua ikinyesha.

Baadaye nikashuka Maragoli kumwambia mama. Hakulia mbele yangu. Aliuliza jambo moja tu.

"Alisikia baridi, mwanangu?"

"Hapana, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia jikoni. Hakuniuliza tena mpaka alipokufa.

Nilirudi kazini kwa sababu hakukuwa na pengine pa kwenda. Niliendesha hiyo pikipiki miaka mingine, na kila mara mgongo ulipopata baridi nilikuwa nageuka nyuma. Hakukuwa na mtu.

Funzo langu ni fupi. Vijana, zuieni upepo kifuani kwanza, mengine yafuate. Na ukibeba mgonjwa, simama. Mtazame uso. Usiamini mikono tu.

Sasa mnisaidie. Najua humu kuna madaktari. Ule upepo wa uwandani ndio ulimmaliza, ama alikuwa anaenda hata kama ningengoja lori? Sijawahi kuuliza mtu.

Jibuni ukweli, hata kama ni mbaya. Nitasoma zote.