Mvua na Magurudumu ya Mkunga

Tangu mjomba aondoke, asubuhi za barazani zimepwaya. Hakuna gurudumu linalozungushwa hewani, wala spoku inayogongwa kwa ukucha ikajibu. Mpwa wake, mkunga wa zahanati, bado hutega sikio anapofunga viatu, kisha hukumbuka.

Mjomba alikuwa fundi baiskeli, mfupi wa kimo, mrefu wa ulimi. Mwaka ule wa mvua nyingi, msimamizi wa zahanati alipiga marufuku: mvua ikinyesha, baiskeli zote zifungiwe stoo. Magurudumu mawili yalikuwa yamekwama, na lawama zote ikatupiwa mvua. Mkunga alimkimbilia mjomba. Ng'ambo ya kilima alikuwa na wajawazito watatu waliofikia siku zao, na kwa miguu ni saa mbili za tope.

"Mjomba, nisaidie. Yule mama msimamizi hasikii la mtu."

"La mtu hasikii. La gololi atasikia."

Kesho yake alitandika gazeti mlangoni mwa stoo, akafungua gurudumu moja lililokwama. Grisi ilikuwa imegeuka uji wa kahawia, gololi, vile vijipira vya chuma vya katikati, zimeliwa na kutu. Kisha akafungua la mpwa wake. Humo grisi ilikuwa nzito bado, gololi zinang'aa kama macho ya paka.

"Hili limenyeshewa kuliko yote," alisema. "Kila siku mpwa wangu analirudisha nyumbani, analifuta kwa kitambaa, basi. Haya mengine yanaoshwa wapi?"

Mlinzi alijitokeza kifua mbele. "Hapa hapa, mzee! Kila jioni, kwa pampu ya kuoshea gari. Nayapiga pale katikati mpaka yateme tope."

"Umeyatemesha na grisi, bwana wee."

Mlinzi alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Msimamizi aliinama, akachovya kidole kwenye ule uji, akaunusa. "Kwa hiyo mvua haina neno?"

"Inapita juu tu, mama. Pampu ndiyo inayosukuma maji ndani. Kinachotaka kuchungwa ni mchanga. Ukishika breki ringi ina tope, raba inageuka msasa. Wafute ringi, wakaushe, na mvua zikiisha niitwe nitie grisi mpya. Lakini baiskeli ya mkunga kukaa stoo wakati wa mvua? Watoto hawatasubiri jua."

Msimamizi alijifuta kidole kwenye gazeti.

"Mrudishie gurudumu lake," msimamizi alisema. "Na wewe mlinzi, hiyo pampu ni ya gari."

Wiki ile mvua haikukatika. Mkunga alivuka kilima mara tatu, na mara zote tatu alifika mtoto hajatoka.

Mjomba sasa anaishi kwa binti yake, katika mji mwingine, chumba cha chini karibu na ngazi. Mkono wake wa kulia haushiki spana tena.