Chujio la Hewa Nililoling'oa

Mwanangu, ninaikumbuka vizuri asubuhi moja ya baridi pale Ilomba, Mbeya, katika miaka ya sabini, nilipomkalisha mwanamke mzima ndani ya gari bovu huku mama yake akikata roho Kihesa, kule Iringa. Kosa lilikuwa langu. Andika hivyo hivyo, usinipunguzie.

Gari lilikuwa Landrova ya dizeli ya mjomba wangu Anyosisye, fundi aliyeinunua ikiwa chuma kitupu akaifufua kwa mikono yake. Mimi nilikuwa dereva wake, nikibeba mpunga wa Usangu kuuleta Mbeya na mara mojamoja kuufikisha Iringa. Injini ilivuta hewa kupitia chujio la chuma lenye bakuli la oili. Vumbi lilinasa katika oili, hewa safi ikapita. Huko Usangu, ambako njia ya magari ndiyo hiyo hiyo ya ng'ombe, ilinipasa kila jioni kulifungua bakuli, kumwaga tope, kuliosha na kutia oili mpya. Wenzangu walikuwa wamekwisha kunawa na kukaa kwenye wali.

Dereva mmoja akanicheka: "We kijana wa Tukuyu, kila siku unaosha vyombo kama bi harusi! Toa hilo dude, gari lipumue."

Nikaling'oa, nikalificha chini ya kiti. Sitakudanganya, gari lilipendeza. Mlima wa kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini, niliozoea kuupanda kwa gia ya pili, niliupanda kwa ya tatu, kofia upande, magunia ya mpunga mpya yakinukia nyuma yangu, na watu wakigeuka kutazama mngurumo ule. Hata leo nikiukumbuka natabasamu, Mungu anisamehe.

Mavuno yalipokwisha, gari lilianza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu. Nikanyamaza. Kisha ikaja habari kutoka Kihesa kwamba mama mzazi wa Mama Atu, mke wa mjomba, yu mahututi na anamtaka binti yake.

Asubuhi ile umande uliganda juu ya nyasi. Tulilisukuma gari pamoja na majirani mpaka jua likapanda, halikuwaka. Mama Atu alikaa ndani, kikapu cha ndizi magotini.

"Ni dizeli mbaya, mjomba," nikasema.

Mjomba alifungua boneti, akaingiza kidole katika bomba la hewa, akakitoa kimejaa udongo.

"Hili vumbi la Usangu limefikaje humu? Chujio liko wapi?"

"Chini ya kiti, mjomba."

"Chini ya kiti! Kwani mimi nililiweka kwenye injini kama pambo? Vumbi limeila injini, haina tena nguvu ya kuwaka kwenye baridi hii. Ungeniuliza kazi yake ningekwambia. Mbona hukuuliza?"

Mama Atu aliteremka, akaenda kusimama barabarani. Adhuhuri alipata lori la mbao, likalala njiani, naye akafika Kihesa kesho yake jioni, watu wakitoka makaburini. Aliporudi hakunigombeza. Alisema tu, "Wanasema aliniulizia mpaka mwisho."

Sasa nasikia fundi wa mjini amekushauri ung'oe kwenye gari lako la dizeli ule mtambo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, eti unalibana pumzi. Mimi sikusoma, na mtambo huo enzi zetu haukuwepo. Huenda fundi wako ana sababu. Lakini usilegeze hata nati moja kabla hujamwendea anayejua kwa nini uliwekwa, akueleze nani ataumia mtambo huo usipokuwepo. Usimsikilize anayekucheka. Na ukiwa umekwisha kukosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu hajalitegemea gari lako. Mimi nilikuwa na majuma mengi ya kusema, nikayapoteza yote kwa kuogopa kufokewa.

Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi usioogopa kusema kweli. Na kila atakayepanda gari lako, Mungu amfikishe akiwa bado anangojewa.