Kwenda Kolwezi Kuwakiri Nyoka Wangu

Nilirudi Kolwezi kwa sababu ya nyoka wawili, na nyoka hao walikuwa kosa langu. Nalisema mapema ili msomaji asinihurumie bure.

Zamani nilikuwa karani wa bohari kwenye kampuni ya shaba mjini humo. Mhandisi mmoja Mzungu, alipokuwa akikimbia uporaji, aliniachia sanduku la kioo lenye nyoka wawili wa kufugwa, dume na jike, waliotoka Amerika: rangi ya chungwa, mabaka mekundu, wapole, wasio na sumu. "Watunze mpaka nirudi," alisema. Hakurudi. Kisha ikafika zamu yetu watu wa Kasai kufukuzwa Katanga, mkoa wenye Kolwezi. Jirani yetu Mama Ngoie, mjane wa kaskazini mwa Katanga, aliwaficha wanangu siku tatu katika chumba chake cha mahindi, huku vijana wenye fimbo wakipita mlangoni. Sikuwa na kitu cha kumshukuru. Ila nilikuwa nimemsikia akilalamika juu ya panya. Asubuhi ya kuondoka niliwafungulia nyoka wale nyuma ya chumba kile, kimya kimya, kwa sababu angekataa. Kuwaua sikuweza: mtu wa bohari haharibu mali aliyokabidhiwa. Nikapanda gari la moshi nikijiona mwenye akili sana.

Miaka kumi na miwili ilipita. Siku moja sokoni Mwene-Ditu, ninakoishi, mfanyabiashara kutoka Kolwezi alinisimulia kwamba kule kwao sasa kuna nyoka wekundu kama matofali, wamejaa kuanzia mifereji mpaka mapaa, na wazee hawajawahi kuwaona. Ni wa mama mmoja mchawi, alisema, ndiyo maana nyumba yake haina panya hata mmoja. Jumapili mtaa utakutana kumfukuza.

"Anaitwa nani?"

"Ngoie."

Jumanne, Mwene-Ditu. Gari la moshi lilipaswa kuondoka asubuhi, likaondoka saa kumi jioni, nasi tukalipigia makofi kama bwana harusi. Nilikuwa nimebanwa kati ya magunia na mama wawili wanene. Mmoja akaniuliza, akiniita baba kwa lugha yetu, "Tata, unaenda kufanya nini kule kwenye walitufukuza?"

"Naenda kuchukua nyoka wangu."

Kicheko kilipasua behewa. Lakini kilipokwisha, niliona watu wanasogea. Kufika Kamina nilikuwa na benchi zima peke yangu, nikajinyoosha juu yake kama mkurugenzi.

Alhamisi, Bukama. Tulinunua samaki wa kukaushwa kupitia madirishani. Sijui kwa nini, mimi mzee niliyekuwa nikienda kuaibika, nilikuwa na furaha ya mtoto. Nilimpungia mkono kila mtu, hata mbuzi.

Jumamosi, Tenke. Gari letu liliendelea na njia ya Lubumbashi, na la kwenda Kolwezi halikuwapo. Upepo wa baridi ulivuma kutoka uwanda. Nilipata lori la makaa, nikapanda juu ya magunia. Dereva alinionya nishike kamba, nami nikaimba njia nzima nyimbo za kwaya, mdomo umejaa vumbi.

Jumapili, Kolwezi. Nilifika watu wakitoka misani, mimi mweusi kwa makaa kuanzia kofia hadi viatu. Mbele ya nyumba ya shefu, mkuu wa mtaa, viti vilikuwa vimepangwa. Mama Ngoie alikaa peke yake pembeni, mabegi mawili miguuni. Amekonda. Hakunitambua.

Nikavua kofia, nikasema yote: Mzungu, sanduku, chumba cha mahindi.

Kijana mmoja akaruka akisema ninadanganya. "Bongo! Mukasai anakuja kumutetea rafiki yake! Nyoka gani ya kufugwa? Mutu anafuga nyoka kama kuku?"

"Mzungu anafuga," nikajibu.

"Hiyo ni kweli," akasema mzee mmoja, "Bazungu banafuga hata samaki na habakule." Watu wakacheka.

Shefu hakucheka. "Tata, kama ni yako, mushike."

Tukaenda nyumbani kwa Mama Ngoie, tukaingia wote kwenye chumba cha mahindi. Juu ya boriti alilala mmoja, urefu wa mkono wangu na zaidi. Miaka kumi na miwili sikuwa nimemgusa nyoka. Nikapanda juu ya gunia. Nilimchukua kwa mikono miwili, taratibu, nikamvisha shingoni kama skafu. Akakaa kidogo. Halafu akaninyea, kinyesi cha kunuka kuliko samaki wa Bukama, kifuani kote.

Mtaa mzima ulilia kwa kicheko. Shefu mwenyewe alishika ukuta. "Mi nimeona bulozi, buchawi mingi," akasema akifuta macho, "lakini mulozi mwenye kunyewa na nyoka yake, hapana! Hii ni nyama tu, munyama kama paka. Mama Ngoie, rudisha mabegi yako ndani."

Siku tatu zilizofuata nilipelekwa nyumba kwa nyumba, kila mtu akitaka ya kwake itazamwe. Nilikuta nyoka kwenye mabanda ya kuku, kwenye viatu, ndani ya redio iliyokufa. Wanafika mpaka mgodi wa Mutoshi. Nilikamata thelathini, tukawaua, na hawatakwisha. Vifaranga wanaliwa, na yule nyoka mdogo wa kahawia tuliyemzoea zamani haonekani tena. Hilo nalo ni langu, na halina dawa.

Jumatano jioni, kwa bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo, nilimwomba Mama Ngoie msamaha. Alimega tonge.

"Tata Mbuyi, unajua nini? Mi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuamini. Nikimukasirikia mutu leo, kesho nyoka iko kwake. Nikasema basi, ni mi ninabatuma. Nikaacha kukasirika. Miaka mingi. Batu banaiba mahindi yangu, mi ninacheka tu. Ninaogopa roho yangu."

 Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa hilo.

"Ungeandika barua," akasema. "Barua moja."

Alhamisi, kurudi. Alinisindikiza stesheni. Tulipotoka tu mlangoni akaanza kunitukana: mimi ni mujinga, mimi ni karani wa bure, kichwa changu kimejaa vumbi la bohari, nani alinituma kumupa mutu zawadi ya nyoka? Alipaza sauti mtaa mzima. Watu walitoka kutazama. Alimkemea mwenye baiskeli aliyetupitia karibu, akamkemea muuza karanga, akanirudia mimi, akinihesabia kwa vidole. Uso wake uling'aa. Sijawahi kutukanwa kwa furaha namna ile. Gari lilipoanza kutembea alikuwa bado anakimbia kando ya dirisha, kitambaa cha kichwa kimefunguka, akinitafutia tusi jingine.